Rivyuu: kozi ya historia ya dunia kwenye chuo cha Kikristo, nimeimaliza mwaka mzima na haya ndo niliyoyakuta

Jamani habari zenu. Tangu niseme nimemaliza kozi ya historia ya dunia kwenye chuo cha Kikristo meseji haziishi, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, je pale wanafundisha historia yenyewe au ni somo la Biblia limebandikwa jina la historia? Nimeona niandike mara moja kwa urefu kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Jina la chuo naliacha, kuna mambo humu nimeyalalamikia na sitaki yamwangukie mtu, alafu nimeongea na waliosoma vyuo vingine vya aina hii nikakuta mengi yanafanana. Kozi ni semesta mbili, inaanza na miji ya kwanza ya Mesopotamia inaishia 1945. Semesta ya kwanza naipa nyota tano kwa tano. Ya pili naipa tatu, na hizo mbili zilizopungua nitazieleza.

Nilivoingia mi nilijua tunaanza Mwanzo sura ya kwanza tunashuka nayo taratibu hadi Matendo ya Mitume, alafu Roma, alafu Luther, alafu wamisionari, tumemaliza. Siku ya kwanza lekchara wetu, mama mmoja dokta ambaye wote tulimwita Mwalimu tu, aliingia akaomba sala fupi, dakika moja haifiki, akawasha projekta. Picha ya kitu cha udongo uliochomwa, kina pande sita, kimejaa alama ndogo ndogo zilizokandamizwa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi. Akasema huyu ni Senakeribu mfalme wa Ashuru anaongea, na anaongea kuhusu mtu mnayemjua, Hezekia.

Akatugawia karatasi tatu. Ya kwanza ni tafsiri ya maneno ya huo udongo, uliopatikana Ninawi na sasa uko British Museum. Ya pili ni 2 Wafalme 18 na 19. Ya tatu ni kipande cha Herodotus, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadae. Tukio ni moja, vita vya mwaka 701 KK. Alafu akaandika ubaoni maswali matatu ambayo mwaka mzima hayakufutika kichwani kwangu: huyu anasema nini, anamwambia nani, na ameacha nini?

Tukakaa vikundi. Senakeribu anajisifu ameteka miji 46 yenye kuta, amechukua mateka watu 200,150, amemfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu, na amepokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Unafungua 2 Wafalme 18:14, inasema talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Yaani dhahabu inalingana kabisa, fedha hailingani! Darasa lilichangamka pale mpaka watu wakawa wanasimama. Sura ya 19 inasema malaika wa Bwana aliwapiga Waashuru 185,000 usiku mmoja. Na Herodotus anaeleza jeshi la Senakeribu liliharibikiwa mpakani mwa Misri, panya waliingia usiku wakatafuna nyuzi za pinde na mikanda ya ngao. Watatu hao kila mmoja na yake.

Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono akauliza, Mwalimu, kwa hiyo Biblia imeshinda au imeshindwa? Akajibu kwa upole tu, "Mwanangu, hatujaja hapa kuchezesha mechi. Rudi kwenye swali la tatu." Tukarudi. Senakeribu ameacha nini? Ameacha kusema ameuteka Yerusalemu. Mfalme ambaye kila mji alioubomoa ameutaja kwa fahari, kwenye Yerusalemu anaishia kusema amemfungia mtu ndani. Na jumba lake la kifalme Ninawi alilipamba kwa mawe ya kuchongwa yanayoonyesha kutekwa kwa Lakishi, Lakishi ambao ni mji wa pili wa Yuda, sio mji mkuu. Akatuambia mfalme akinyamaza pale alipotakiwa kujisifu, kile kimya nacho ni ushahidi, mkiandike kwenye noti. Alafu kabla hatujashangilia akatugeuzia swali hilo hilo kwa upande wetu, waandishi wa Wafalme nao wamemwandikia nani na wameacha nini? Kweli ukisoma unaona Hezekia alibandua dhahabu kwenye milango ya hekalu akailipa, mistari minne tu alafu habari inasonga mbele haraka. Na ule mstari wa 9 wa sura ya 19 unaomtaja Tirhaka mfalme wa Kushi (Sudan ya leo), nimeusoma maisha yangu yote bila kujiuliza Kushi alikua anatafuta nini pale, kumbe wafalme wa Kushi wakati huo ndo waliokua wanaitawala Misri, ni dola kubwa mbili zinagombana na Yuda iko katikati.

Nimelieleza darasa hili kwa urefu kwa sababu ndo kozi yenyewe ilivyo ikifundishwa vizuri. Imani haikuguswa na mtu, wala haikutumika kufunga mjadala.

Kitu cha pili ambacho naipa semesta ya kwanza nyota zake zote ni upana. Mimi nimekulia kanisani na kichwani mwangu Ukristo ulikua una njia moja tu, Yerusalemu, Roma, Ulaya, alafu meli zikauleta kwa wengine wote. Wiki ya tano tukaonyeshwa sarafu. Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale kwenye Ethiopia na Eritrea za leo, karne ya 4, sarafu zake za mwanzo zina duara na mwezi mwandamo, alama za dini ya zamani, za baadae zina msalaba. Mwalimu akatuuliza hela inatengenezwa na nani na inafika wapi, tukaona wenyewe, hela ni ya serikali, inapita mikononi mwa wafanyabiashara wa mbali waliokua wanashukia bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Shamu, mfalme habadilishi alama ya hela yake kwa mzaha. Na aliyemfikishia imani ni Frumentius, kijana kutoka Tiro aliyekamatwa melini akalelewa ikulu, baadae Athanasius wa Aleksandria akamweka kuwa askofu. Hii yote ni zaidi ya miaka 200 kabla Papa hajamtuma Augustine kule Kent kuwahubiria Waingereza, alifika 597. Nililala naiwaza ile tarehe.

Kisha Nubia, falme za Kikristo kwenye mto Nile zilizodumu karne nyingi, na michoro ya kanisa kuu la Faras ambayo wanaakiolojia kutoka Poland waliifukua miaka ya mwanzo ya 1960 wakikimbizana na maji ya bwawa la Aswan, sehemu ipo Khartoum na sehemu Warsaw. Kisha jiwe la Xi'an kule China, limesimamishwa 781, maandishi ya Kichina na ya Kisiria pamoja, linaeleza mmisionari anaitwa Alopen alifika mji mkuu wa wafalme wa Tang mwaka 635 na vitabu vyake akapokelewa. 635! Na jiwe lilizikwa ardhini likaja kuonekana tena karne ya 17, kwa hiyo kwa miaka mia kadhaa Wakristo wengine hawakujua hata kama wenzao waliwahi kufika kule. Huko Baghdad karne ya 9 kulikua na Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Kanisa la Mashariki, ndo aliyetafsiri vitabu vya utabibu vya Galen kwenda Kisiria na Kiarabu. Yaani mlipaji ni Mwislamu, mtafsiri ni Mkristo, kitabu ni cha Mgiriki aliyeabudu miungu yake, na matokeo yake yakaja kusomwa na madaktari mpaka Ulaya. Hapo ndo nilielewa kwa nini inaitwa historia ya dunia.

Sasa mambo magumu, maana najua wengi mnataka kujua kama yanaguswa. Yanaguswa, na kwa semesta ya kwanza yaliguswa kweli kweli.

Vita vya Msalaba tulifanya wiki mbili. Darasani tulikua na mwenzetu mmoja Mwislamu, kijana msikivu sana, na mimi nilikua namwonea wasiwasi siku hiyo. Mwalimu hakumpa kazi ya kuwasemea Waislamu wote, hilo nalipongeza. Tulisoma mauaji ya Yerusalemu ya 1099, jinsi waandishi wa upande wa Wakristo wenyewe walivyoandika damu ile kama jambo la kushukuru, alafu tukasoma 1187 Salah ad-Din, sultani Mwislamu, alipouchukua mji akawaacha watu wajikomboe kwa fidia. Nikadhani tunaishia hapo, mbaya ni sisi mwema ni yeye. Yule mwenzetu mwenyewe ndo akasema, ila wasioweza kulipa waliuzwa utumwani, maelfu, tusiwaache hao. Alikua sahihi. Na tukamalizia na 1204, jeshi la Msalaba likiuteka na kuupora Constantinople, mji wa Wakristo wenzao, mambo ambayo kanisani sijawahi kuyasikia hata siku moja.

Ila somo lililoniumiza ni Kongo. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa 1491, mwanae Mvemba a Nzinga aliyeitwa Afonso akatawala kuanzia mwanzo wa karne ya 16, msomi, mcha Mungu, aliandika barua kwa Kireno kwenda kwa mfalme wa Ureno. Tulisoma zile za 1526. Anamwambia mfalme mwenzake, anamwita ndugu, kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, watoto wa wakubwa na hata ndugu zake wa damu, nchi inaisha watu. Na anaomba nini? Mapadri na walimu, na mvinyo na unga kwa ajili ya sakramenti, basi, bidhaa nyingine asiletewe. Darasa lilinyamaza. Ndipo mwalimu akauliza swali la tatu kama kawaida yake, Afonso ameacha nini? Ameacha kwamba na yeye alikua anauza mateka wa vita, na kwamba mwaka huo huo aliishia kuweka watu wa kukagua nani kakamatwa kihalali na nani siyo, biashara yenyewe haikukoma. Dada mmoja alitoka nje akilia. Mwalimu akasimamisha somo, akamfuata, wakarudi wote wawili baada ya muda akasema tutaendelea polepole. Tukaenda hadi kwenye hati za Papa Nicholas V za 1452 na 1455 zilizompa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka watu wasio Wakristo na kuwafanya watumwa. Tukasoma kwa sauti, kila mtu mstari mmoja. Chuo cha Kikristo hicho, na hakuna aliyetuzuia.

Na upande wa pili hatukunyimwa. Desemba 1511 kwenye kisiwa cha Hispaniola kule Karibiani padri Mdominiko Antonio de Montesinos alisimama madhabahuni akawauliza Wahispania waliokaa mbele yake kwa haki gani wanawatesa Wahindi wale (ndo walivyowaita wenyeji wa Amerika, sio watu wa India), je wao sio watu? Las Casas, padri Mhispania aliyekuja kuwatetea Wahindi maisha yake yote, mwanzoni alipendekeza waletwe Waafrika kufanya kazi badala yao, na baadae akajutia sana na akaliandika hilo jutio. Mtu mmoja, macho yamefumbuka upande mmoja, upande mwingine bado yamefumba. Nimehubiriwa mara nyingi kuhusu watakatifu, sijawahi kufundishwa kumheshimu mtu huku nimeliona kosa lake lote.

Semesta ya pili sasa. Lekchara alibadilika, akaja baba mmoja mchungaji, mtu mwema, anajua majina yetu wote, ukiumwa anakuja kukuona. Kama mtu sina neno naye. Ila kozi ilibadilika sura. Dunia ikarudi kuwa Ulaya, tena Ulaya ya makanisa tu. Uislamu wote tangu Baghdad ianguke kwa Wamongolia 1258 hadi Waosmani, vipindi viwili. Safari saba za Zheng He, amiri wa meli za China, kati ya 1405 na 1433, nusu kipindi. India ilitajwa ilipofikiwa na Vasco da Gama 1498 kama vile kabla ya hapo haikuwepo. Na Haiti! Watumwa waliosimama 1791, wakalishinda jeshi la Napoleon, wakatangaza uhuru 1804, hawakutajwa hata mara moja kwenye kozi nzima, wakati kampeni ya Uingereza hadi sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ilipewa wiki nzima na karibu yote ilikua ni Wilberforce, mbunge aliyeipigania bungeni. Wilberforce anastahili, sikatai, lakini hata Olaudah Equiano aliyekua mtumwa mwenyewe na akachapisha habari za maisha yake 1789 alipata sentensi moja. Mtu aliyefundishwa kuuliza ameacha nini hawezi kukaa kimya hapo. Niliuliza darasani, nikajibiwa muda hautoshi. Wiki nne za Luther zilitosha.

Malalamiko yangu makubwa ni ya asaimenti, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Tulipewa tueleze Tauni Kuu ya karne ya 14. Nikaandika kwa bidii, bakteria, viroboto, njia za biashara, Caffa kwenye Bahari Nyeusi 1346, meli zilizotia nanga Messina Oktoba 1347, miji iliyojaa, njaa kubwa ya 1315 hadi 1317 iliyotangulia. Ikarudi ina maksi za chini na maneno ya wino mwekundu, "Mungu yuko wapi humu?"

Nikaenda ofisini kwake. Shikamoo Mwalimu, marahaba, kaa. Nikamwomba anieleze. Akasema, "Kijana wangu, historia isiyomwona Mungu inabaki kuwa hesabu ya maiti." Nilimwelewa anachokiogopa, na sikuona ni jambo la kudharau, mtu anayeamini Mungu anatenda duniani ni lazima ajiulize anatenda vipi na wapi. Ila nikamwambia, Mwalimu, watu wa wakati ule ndo walilijibu hilo swali haraka haraka. Wengine walisema ni hasira ya Mungu, wengine wakasema ni Wayahudi wametia sumu visimani, na Februari 1349 kule Strasbourg Wayahudi kwa mamia wakachomwa moto, tauni yenyewe mjini ilikua haijafika bado. Papa Clement VI aliyejaribu kuwalinda 1348 hakuanza kwa kueleza siri za Mungu, alisema kitu cha kuonekana kwa macho, kwamba Wayahudi nao wanakufa, na mahali ambapo hawapo tauni ipo vile vile. Na Augustine wa Hippo, sio yule wa Kent, baada ya Roma kuporwa 410 na watu kulaumu Ukristo, aliandika kwamba Mungu huwapa tawala za dunia watu wema na watu waovu pia, sasa sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema tauni ile ilikua na maana gani hasa? Nilimwambia mimi ningeweza kuandika aya ya mwisho kama muumini, ila siwezi kuliweka jina la Mungu mahali pa kiroboto.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa kuja, tukaomba pamoja, maksi hazikubadilika. Na sio mimi peke yangu, wenzangu wengi waligundua ukiongeza sentensi mbili za mapenzi ya Mungu mwishoni maksi zinapanda, kwa hiyo wakawa wanaziongeza bila kuziamini. Hilo ndo lililoniuma kuliko maksi zangu. Unawafundisha watu kulitumia jina la Mungu kutafutia maksi, na hicho ni chuo cha Kikristo.

Kuna siku moja semesta ya pili iliamka kabisa na lazima niiseme. Ujerumani ya miaka ya 1930. Yule mchungaji aliongea saa mbili bila noti. Wakristo waliomshangilia Hitler makanisani, alafu Mei 1934 kwenye mji wa Barmen, wale waliokataa wakatoa tamko kwamba kanisa lina Bwana mmoja tu. Nilikua nimekaa na daftari nikasubiri, na safari hii alilisema mwenyewe kabla hatujauliza, kwamba tamko lile zuri halikuwataja Wayahudi hata kwa neno moja, na kwamba Karl Barth, mwanatheolojia aliyeliandika kwa sehemu kubwa, uzeeni alikiri ilikua hatia yake. Akamaliza na Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, kunyongwa kwenye kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, wiki chache kabla vita haijaisha. Sauti ilimkatika. Kwa hiyo uwezo anao, akiwa anafundisha kitu kilichomgusa anafundisha vizuri kuliko mtu yeyote, shida ni silabasi aliyoikuta au aliyoichagua, sijui, na ile imani yake kwamba kila insha iwe mahubiri.

Mengine nipite haraka. Madarasa ni madogo, sisi tulikua kumi na kitu, huwezi kujificha, ukikosa mara mbili unaulizwa una shida gani nyumbani. Mimi napenda, kuna wenzangu liliwachosha. Ibada ya asubuhi ni lazima na mahudhurio yanaandikwa, imepangwa muda ambao maktaba ndo ina utulivu, ningeomba waifikirie. Maktaba yenyewe imejaa fafanuzi za Biblia na maisha ya wamisionari, vizuri sana kama unasoma theolojia, ila ukitaka kitu cha Milki ya Mali au Wainka unatafuta wiki nzima, na atlasi ya kihistoria iliyopo bado ina Umoja wa Kisovieti kama nchi iliyopo. Majarida ya kitaaluma ya mtandaoni yapo ila ukiwa ndani ya chuo tu. Mtihani wa semesta ya kwanza ni kupewa chanzo usichokijua ukichambue, wa pili ni tarehe na majina mengi. Wanafunzi wasio Wakristo wanapokelewa vizuri, yule mwenzetu aliniambia hakuna aliyemsumbua, ila alichoka kusikia mifano ya upande mmoja kila siku.

Kwa anayetaka kujiunga na kozi kama hii popote pale, usiangalie jina la chuo wala kama wanaomba kabla ya kipindi, vyuo viwili vyenye imani moja vinaweza kufundisha vitu tofauti kabisa, hata semesta mbili za chuo kimoja mmeona. Omba silabasi kabla hujalipa kitu. Hesabu wiki ngapi ziko nje ya Ulaya, tafuta kama neno Haiti lipo, kama Aksum ipo, kama China inaonekana kabla Wazungu hawajafika. Omba karatasi ya mtihani wa mwaka jana. Na mtafute mwanafunzi aliyemaliza umuulize swali moja, ukiandika mabaya yaliyofanywa na kanisa na ukaleta ushahidi, maksi zinakuaje? Jibu lake litakutosha.

Kama unatafuta kozi ya kukuimarisha imani bila kukusumbua, hii sio yenyewe, mimi nilikua na usiku ambao sikuweza kusali vizuri baada ya zile barua za Kongo. Na kama unatafuta watu wa kukuambia dini ndo chanzo cha kila vita, hapa pia utakosa. Walimu wanaotaka kufundisha sekondari, waandishi wa habari, wanaojiandaa na uchungaji, hao nawaambia nendeni, hasa wachungaji.

Fomu ya maoni ya mwisho wa mwaka niliijaza pande zote mbili za karatasi, nikaandika Haiti, nikaandika maksi za sentensi mbili, nikaambatanisha na insha yangu ya tauni. Yule mwalimu wa semesta ya kwanza nilikutana naye kwenye ngazi wiki iliyopita, akaniambia mwaka ujao anafungua kozi mpya ya kuanzia 1491 hadi 1804, kutoka ubatizo wa Nzinga a Nkuwu mpaka uhuru wa Haiti. Nimeshajiandikisha, na nikimaliza nitakuja kuandika tena hapa.